Sura ya Sita: Tangu Lini?

Mwishoni mwa karne ya 14, ofisa mmoja wa forodha aliyesimamia ushuru wa sufu katika bandari ya London alikuwa na kazi ya pili ya kutunga mashairi. Jina lake Geoffrey Chaucer. Katika kisa kimojawapo cha kitabu chake The Canterbury Tales, Theseus, mtawala wa Athens, anarejea kutoka vitani na mke mpya, mji ukijiandaa kumpokea kwa shangwe. Kabla hajafika langoni anakuta wanawake waliovaa nguo nyeusi wamepiga magoti barabarani, wawili wawili, wanalia kilio cha kutisha. Waume zao wameuawa Thebes, na Creon, aliyeutwaa mji huo, amepiga marufuku maiti kuzikwa wala kuchomwa. Mkubwa wao anamweleza Theseus kwamba wako kwenye hekalu la hapo siku kumi na nne sasa, wanamngoja yeye.

Kitenzi alichokitumia Chaucer kumpa mama yule kauli kina vipande vitatu vilevile ambavyo mwanafunzi wa kidato cha pili huko Morogoro au Machakos huviandika leo kwenye daftari chini ya kichwa cha habari "Present Perfect Continuous". Tahajia imebadilika, mpangilio haujabadilika. Ni miongoni mwa mifano ya mapema ya muundo huu katika maandishi ya Kiingereza, na inashangaza kwamba kitenzi chenyewe ni cha kungoja. Zaidi ya miaka 600 baadaye, karibu kila kitabu cha sarufi kinachofundisha wakati huu bado kina mtu anayengoja basi.

Si bahati tu. Kupika huishia kwenye chakula, kujenga huishia kwenye nyumba, lakini kungoja hakuzai kitu chochote. Hakuna cha kuonyesha isipokuwa muda uliokwisha kupita, na aliyengoja bado yumo ndani ya muda huo anapofungua mdomo. Zaidi ya hapo, kungoja hukoma pale anapofika anayengojwa, na mara nyingi yeye ndiye anayeambiwa. Ndiyo maana "I have been waiting" kwa Kiingereza ni taarifa kwa nadra sana. Kwa kawaida ni lawama. Wajane wa Chaucer hawakuwa wanampa Theseus ratiba yao. Walikuwa wanamdai.

Wakati wenyewe hautumiki kila mara. Watafiti waliohesabu vitenzi katika mkusanyiko mkubwa wa maandishi na mazungumzo ya Kiingereza, wakiongozwa na Douglas Biber katika sarufi ya Longman ya 1999, walikuta kwamba muundo huu haufikii hata asilimia 1 ya vitenzi vyote. Mtu anaweza kusoma ukurasa mzima wa gazeti la London asikutane nao. Lakini ukija, huja mahali ambapo hakuna kingine kinachofaa: kwenye usaili wa kazi, kwa daktari, kwenye simu ya mtu aliyekasirika, barabarani mbele ya askari wa trafiki. Ni mahali ambapo msemaji angependa sana asikosee.

Kuuunda ni rahisi kuliko sifa yake. Kwanza huja "have", au "has" kama mtendaji ni yeye mmoja: mama, mbwa, serikali. Kisha "been", ambayo haibadiliki hata kidogo. Mwisho ni kitenzi chenyewe kilichovalishwa "-ing". "I have been working. She has been working. They have been working." Katika msururu huo, "have" ni kichwa cha treni: ndiyo pekee inayogeuka kufuata mtendaji, ndiyo inayobeba ukanushi, na ndiyo inayoruka mbele mtu akiuliza swali. "She hasn't been working." "Have they been working?" Mabehewa mawili ya nyuma hufuata tu.

Taabu huanza masikioni. Kwenye mazungumzo ya kawaida hakuna Mwingereza anayetamka "I have been waiting" neno kwa neno. Anasema kitu kinachosikika kama "aivbin weiting", na akiharakisha ile "v" nayo hupotea. Mmarekani hufupisha zaidi "been" mpaka isitofautiane na "bin", pipa la taka. "She has" ikiwa "she's", inafanana kabisa na "she is" iliyofupishwa, na msikilizaji hana budi kungoja neno linalofuata ili ajue: "she's been working" ni ya kwanza, "she's working" ni ya pili. Mwalimu anayefundisha wakati huu kwa chaki peke yake anawapa wanafunzi wake kitu ambacho hawatakitambua siku watakapokisikia.

Masikio hayohayo ndiyo yanayozaa kosa linaloonekana sana kwenye barua pepe na mitandaoni: "I have being waiting". Mwandishi amesikia "biin", akakumbuka kwamba Kiingereza kina "being", akaandika hiyo. Kinga yake ni fupi. Baada ya "have" au "has" haiji "being" kamwe. "-Ing" ina nafasi moja tu katika muundo huu, nayo ni kwenye kitenzi cha mwisho.

Kauli ya kutendwa ni habari nyingine, na hapa Waingereza wenyewe hujikwaa. Kwa kanuni, barabara ambayo imekuwa ikijengwa kwa miaka mitatu ingepaswa kuwa "The road has been being built for three years". Sarufi inaruhusu, ulimi unakataa. Watu husema "They've been building the road for three years" bila kujali "they" ni nani, au husema barabara ipo "under construction" na kupumzika. Kusita huku kuna historia. Hata "is being built", ambayo leo haimshtui mtu, ilikuwa ngeni mwishoni mwa karne ya 18. Kabla ya hapo Waingereza walisema "the house is building", nyumba inajenga, wakimaanisha inajengwa. Mfano wa mapema wa "is being" unaotajwa sana ni barua ya mshairi Robert Southey ya mwaka 1795, anayeeleza jino la mtu likiwa linang'olewa na kinyozi mwenye mikono mizito. Karne iliyofuata wapo waliouchukia muundo huo kwa dhati. Mmarekani Richard Grant White aliushambulia kwa kurasa nyingi katika kitabu chake cha 1870. Alishindwa. Lakini "has been being" haijapata bahati hiyo mpaka leo.

Kwa msemaji wa Kiswahili, ugumu haupo kwenye vipande. Vipande vyote anavyo nyumbani: "-me-" ya jambo lililotimia, "-kuwa", na "-ki-" ya jambo linaloendelea. "Nimekuwa nikisoma" ina viungo vyote vya "I have been reading", karibu kimoja kwa kimoja. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ya 1944 ilisomwa na vizazi vya wageni, aliishughulikia vizuri miundo hii ya vitenzi viwiliviwili. Mtu angetegemea basi kwamba Waswahili wangekuwa wanafunzi bora wa somo hili duniani.

Hawako hivyo, na sababu ni kwamba Kiswahili hakiwalazimishi kuutumia muundo huo. Mtu aliyekaa kituoni tangu alfajiri husema "Nipo hapa tangu saa kumi na mbili". Mwalimu husema "Ninafundisha hapa mwaka wa kumi huu". Mgonjwa humwambia daktari "Kichwa kinaniuma siku ya tatu leo". Vyote ni wakati uliopo, safi, bila kisaidizi. Kiswahili huona kwamba jambo linaendelea sasa, kikatumia umbo la sasa, na kuacha "tangu" au "mwaka wa kumi huu" vieleze limeanzia wapi. Mtu huyohuyo akihamia Kiingereza huchukua akili ileile: "I am here since six o'clock." "I teach here for ten years." "My head is paining for three days."

Hayuko peke yake. Mjerumani husema "Ich wohne seit drei Jahren hier", naishi hapa tangu miaka mitatu, kwa wakati uliopo. Mfaransa naye: "J'habite ici depuis trois ans." Hata Ireland, ambako Kiingereza ni lugha ya wengi, kuna wanaosema "I'm living here this ten years", kwa mpangilio ulioachwa na Kiairishi. Kiingereza sanifu kina tabia tofauti na hizo: hakikubali kitenzi cha wakati uliopo kibebe mzigo wa jana. Jambo likiwa na mguu mmoja katika wakati uliopita, Kiingereza hudai "have". Mwanafunzi akishaambiwa hivyo waziwazi, kwamba ni sharti la lugha hiyo wala si upungufu wa akili yake, nusu ya somo imekwisha.

Nusu ya pili ina mtego ambao vitabu vilivyoandikwa Uingereza haviutaji, kwa sababu waandishi wake hawaujui. Ni sentensi kama "Amelala tangu saa tatu". Kwa vitenzi vya kukaa, kulala, kusimama, kuvaa, kuchoka, "-me-" ya Kiswahili huonyesha hali iliyopo sasa: amelala, maana yake yupo usingizini. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba "-me-" ni "have" huandika "He has slept since three o'clock" na kukosea mara mbili kwa mpigo. Kiingereza cha asili kingekuwa "He has been sleeping since nine", kwa kuwa usingizi unaendelea, na kwa kuwa saa tatu ya Mswahili ni saa tisa ya Mwingereza.

Halafu kuna "since" na "for". Kanuni yake huwekwa ubaoni kila mwaka na husahaulika kila mwaka. "Since" hutaka mahali pa kuanzia: 2019, Jumatatu, asubuhi, siku ulipoondoka. "For" hutaka urefu: miaka sita, dakika tano, muda mrefu. "Since five years" ni kosa ambalo Mswahili, Mjerumani na Mfaransa hulifanya kwa umoja, kila mmoja kwa sababu lugha yake ina neno moja linalofanya kazi zote mbili au karibu zote mbili. Jaribio la haraka ni kuuliza: jibu hili linajibu "tangu lini?" au "kwa muda gani?" La kwanza huenda na "since", la pili na "for".

Uzito wa jambo hili huonekana kwenye karatasi rasmi. Mtu akiomba kazi Dubai au Doha na bosi wake wa zamani akamwandikia barua ya kumpendekeza yenye maneno "He has been working with us since 2016", mwajiri mpya anaelewa kwamba mtu huyo bado yupo pale na pengine hajaaga. Kama aliondoka 2021, kinachotakiwa ni "He worked with us from 2016 to 2021". Tofauti ni maneno machache, lakini wasifu wa mwombaji unaosema ameacha kazi na barua inayosema bado anayo vikiwekwa mezani pamoja, mmoja kati ya watu wawili ataonekana mwongo. Vivyo hivyo kwenye taarifa ya msiba: aliyefariki hawezi kuwa "has been suffering", Kiingereza humrudisha nyuma hatua moja, "had been suffering", kwa kuwa uzi uliomfunga na sasa umekatika.

Kuna mkopo unaokwenda upande wa pili pia, na msomaji wa magazeti ameuona. "Serikali imekuwa ikisisitiza." "Wakazi wamekuwa wakilalamika." "Timu imekuwa ikifanya vibaya." Pale ambapo jambo linajirudiarudia, muundo huu unastahili nafasi yake: wakazi wamelalamika leo, juzi na mwezi uliopita. Lakini umevimba. Mwandishi anayeandika "Nimekuwa nikiishi Tanga kwa miaka kumi" amefikiri kwa Kiingereza kisha akakivalisha kanzu. Watu wa Tanga wanasema "Naishi Tanga mwaka wa kumi huu", na wala hawapungukiwi na maana. Wahariri wa vyumba vya habari wangeokoa wino mwingi kwa kukata "imekuwa iki-" mbili kati ya kila tatu.

Mpaka hapa mazungumzo yamehusu muda: jambo lilianza, bado linaendelea. Hivyo ndivyo shule nyingi zinavyolifundisha, na ndivyo mitihani inavyolitega. Ni sehemu tu ya ukweli, tena si sehemu tamu. Wenye lugha huutumia wakati huu mara nyingi kwa jambo ambalo limeshakoma kabisa, ili mradi limeacha dalili.

Raymond Murphy, ambaye kitabu chake English Grammar in Use kilitoka mara ya kwanza 1985 na kuuzwa duniani kote, hulifungua somo hili kwa mvua. Mvua imekatika, lakini ardhi imelowa. Mtu akichungulia dirishani asubuhi husema "It's been raining", na hakuna tone linaloanguka. Hakuiona mvua. Ameiona ardhi. Kwa Kiswahili tungesema tu "Mvua imenyesha", au "Kumbe kulinyesha", na "kumbe" hiyo ingebeba mshangao ambao Kiingereza hakiuweki kwenye kitenzi.

Kisa maarufu kuliko vyote cha kutumia dalili ni cha dubu watatu, waliorudi nyumbani wakakuta uji umeonjwa, viti vimekaliwa na vitanda vimevurugwa. Aliyekichapisha kwanza, mwaka 1837, ni Robert Southey yuleyule wa jino. Katika toleo lake mvamizi hakuwa msichana mwenye nywele za dhahabu. Alikuwa bibi kizee mwenye tabia mbaya, na msichana aliletwa na waandishi wengine baadaye katika karne hiyo. Kisarufi kinachovutia ni malalamiko ya dubu. Hawamjui aliyekuja, hawajui alikuja saa ngapi, hawajui alikaa kwa muda gani. Wanachojua ni kile kinachoonekana mbele yao. Wakati uliopita wa kawaida ungehitaji saa. Ule timilifu wa kawaida ungetangaza tokeo na kufunga faili. Dubu wanatumia umbo la "has been" lenye "-ing" kwa sababu wanafanya upelelezi.

Upelelezi ndio msingi wa sentensi nyingi za namna hii. Mama anamwangalia mtoto mwenye macho mekundu: "You've been crying." Mke anamnusa mumewe: "You've been smoking again." Na dereva anayesimamishwa usiku na polisi wa nchi zinazosema Kiingereza ataulizwa "Have you been drinking?" Madereva wa Nairobi wanaokijua kipimo cha pumzi cha "alcoblow" hawahitaji maelezo. Swali halihusu bia ngapi, wala halihusu kama dereva ana glasi mkononi. Linahusu kama unywaji uliokwisha bado umo ndani ya damu yake na unafika mpaka kwenye usukani. "Have you drunk?" isingeuliza hivyo. "Are you drunk?" ingekuwa tusi, au hukumu kabla ya kipimo.

Hesabu huuvunja wakati huu mara moja. "I've been calling you all day" ni Kiingereza kizuri. "I've been calling you five times" si kizuri, na mzungumzaji mzawa huikataa bila kujua kwa nini. Sababu ni kwamba "-ing" hutazama shughuli kwa ndani, bila kuona mwisho wake, na kitu kisicho na mwisho hakihesabiki. Ukitaka namba, rudi kwenye umbo fupi: "I've called you five times." Fundi aliyekuwa akipaka rangi tangu asubuhi ana sentensi mbili za kuchagua. "I've been painting the kitchen" inaeleza kwa nini suruali yake ina madoa, na huenda jiko bado halijaisha. "I've painted the kitchen" inaomba malipo.

Jambo hilohilo hufanya "I've been reading your book" kuwa sentensi ya tahadhari. Mwandishi akiambiwa hivyo na rafiki, ajue rafiki hajamaliza, na huenda hatamaliza.

Vipo vitenzi visivyotaka "-ing" hata vikisukumwa. "Know", "believe", "own", "like", "belong" hueleza hali, si shughuli, na hali haina mwendo wa kuufuatilia. Marafiki wa miaka ishirini husema "We've known each other for twenty years", si "have been knowing". Wachunguzi wa Kiingereza cha Afrika Mashariki na cha India wameandika mara nyingi jinsi "-ing" inavyovuka mpaka huu midomoni mwa watu wetu: "I am having two children", "I am not knowing". Walimu hukasirika. Lakini mpaka wenyewe si wa saruji, na hata kampuni ya McDonald's mwaka 2003 ilichukua kitenzi cha kupenda, ikakivalisha "-ing" kwenye kaulimbiu yake, na haikupata hasara. "Live", "work" na "teach" ziko katikati kabisa: "I've lived here for ten years" na "I've been living here for ten years" zote zinakubalika, ya pili ikiwa na harufu ya kupita njia, kana kwamba msemaji hajaweka mizigo chini. Ukiongeza "always", harufu hiyo haikubaliki tena: "I've always lived here", basi.

Na Kiingereza si kimoja. Miongoni mwa Wamarekani weusi lipo "been" linalotamkwa kwa mkazo mkubwa, bila "have" wala "has". John Rickford, mwanaisimu mzaliwa wa Guyana aliyefundisha Stanford, alichapisha mwaka 1975 utafiti ambamo watu waliulizwa juu ya mwanamke aliyesemwa "She BEEN married": bado ameolewa au la? Karibu Wamarekani weusi wote walijibu ndiyo, tena tangu zamani. Wazungu wengi walijibu kinyume, wakidhani ndoa ilishakwisha. Wote walisikia sauti ileile. Kwa hakimu, mwalimu au daktari anayesikiliza maelezo ya mtu, kutoelewana huko si jambo la kuchekesha.

Adabu nayo imejichukulia sehemu yake. "I've been meaning to call you" husemwa na mtu ambaye hakupiga simu, na maana yake ni kwamba nia ilikuwepo siku zote, imekaa tu, haijafa. Haimgharimu msemaji chochote na haiwezi kuthibitishwa na mtu yeyote. "I've been thinking" ikisemwa na mpenzi jioni, baada ya kunyamaza kidogo, huleta wasiwasi kuliko "I think", kwa sababu fikra hizo zina umri; zilianza siku ambazo mwenzake alidhani mambo ni shwari. Mkuu wa kazi anayeandika "We have been reviewing our costs" ameshafanya uamuzi na anatafuta namna ya kuutoa.

Walioielewa nguvu hii kuliko walimu ni matapeli. Kwa miaka kadhaa mamilioni ya Wamarekani walipokea simu yenye sauti iliyorekodiwa, ikiwaambia kwamba kampuni fulani imekuwa ikijaribu kuwapata kuhusu dhamana ya gari lao. Kwa Kiingereza ilianza na "We've been trying to reach you". Julai 2022 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliziamuru kampuni za simu ziache kupitisha simu za mtandao huo wa matapeli, ambazo kwa hesabu ya tume zilizidi bilioni 8 tangu angalau 2018. Sentensi ile imefumwa kwa ufundi. Ingesema "We are calling you about your car", anayepokea angekata, maana hamjui mpigaji. "We've been trying" inamwambia kwamba uhusiano ulikuwepo kabla ya simu hii, kwamba kuna barua alizoziacha na simu alizozikosa, na kwamba kosa, kama lipo, ni lake. Hakuna lolote kati ya hayo lililotajwa. Yote yamo ndani ya kitenzi, na mtu hawezi kukibishia kitenzi.

Tapeli wa Tanzania hakuutegemea wakati huo, alitafuta njia nyingine. Ujumbe wake, ambao karibu kila mwenye simu nchini ameupata, huanza na "Ile hela tuma kwenye namba hii". Kitenzi ni amri ya kawaida kabisa. Kazi yote ya kuunda jana isiyokuwepo imeachiwa "ile": hela tuliyoizungumza, unayoijua, ambayo ulishakubali kuituma. Anayesubiriwa kutuma karo au kodi ya nyumba siku hiyohiyo hasomi mara mbili.

Kwenye darasa la watu wazima, mifano hiyo miwili ikiandikwa ubaoni bega kwa bega, swali la kuwauliza wanafunzi ni moja: tafsirini ujumbe wa tapeli wetu kwa Kiingereza ili umdanganye Mmarekani. Wengi wataanza na "That money", na itawabidi waone kwamba haitoshi. Wataongeza "you promised", itakuwa wazi mno. Watakaofika mbali zaidi watahitaji "have", kisha "been", kisha "-ing": "I've been waiting for that money."